Kulea Bonsai kwa Majira ya Kaskazi na Kusi

Mti wangu wa kwanza, ambao hata leo ndio ulio karibu na moyo wangu kuliko yote, haukutoka dukani wala kitaluni, bali niliutoa katika ufa wa ukuta wa nyumba ya marehemu babu yangu katika Mji wa Kale wa Mombasa, ambako ndege walikuwa wamedondosha mbegu ya mti wa jamii ya mkuyu, nao ukaota juu ya dirisha, ukajipenyeza baina ya matumbawe na chokaa, ukadumaa kwa kukosa udongo, hata shina lake likawa nene kama kifundo cha mkono ilhali kimo chake hakikupita dhiraa moja. Mwashi aliyekuja kutengeneza ukuta alikusudia kuukata na kuiua mizizi yake. Nikamwomba aniachie hata alasiri, nikauchimbua kwa patasi taratibu, nikaupanda katika karai lililotobolewa matundu, na wiki ya tatu ukatoa jani jipya jekundu.

Maarifa niliyokuwa nayo siku zile yalitoka katika kitabu kimoja kilichotungwa kwa ajili ya nchi za baridi, nami nilikitii kwa taadhima kama mwanachuoni anavyomtii mwalimu wake. Bonsai ni neno la Kijapani, maana yake ni mmea uliopandwa katika chombo kifupi mfano wa sinia, na sanaa hiyo, ambayo Wajapani waliipokea kutoka China wakaikamilisha kwa karne nyingi, imefundishwa duniani kwa kalenda ya Japani yenyewe: mti hulala wakati wa baridi kali, huamka baridi inapokwisha, na wakati huo wa kuamka, macho ya matawi yanapovimba, ndio wakati wa kuutoa chunguni na kuipunguza mizizi yake. Nikahesabu miezi nikaona kwamba huangukia Februari na Machi. Basi Februari, kaskazi ikivuma kavu na jua likichoma, nikautoa mkwaju niliokuwa nimeulea miaka sita tangu mbegu, nikaukata mizizi karibu nusu, nikaurudisha chunguni na kuumwagilia asubuhi na jioni. Siku ya tisa majani yote yalikuwa yamepukutika, na masika yalipoanguka yalikuta kijiti kikavu. Tangu hapo nimeshika itikadi moja, ambayo nawaandikia wenzangu wa Pwani kwa yakini: namna ya kukata tujifunze kwa Wajapani, lakini wakati wa kukata tuufuate upepo wetu wenyewe.

Kaskazi huingia kwetu karibu na Desemba na kukaa hata Machi, na katika miezi hiyo kazi kubwa ya mlezi ni kuhifadhi mizizi. Chungu cha bonsai, ambacho kina chake aghalabu hakizidi upana wa vidole vinne, kikiwekwa juu ya sakafu ya saruji saa nane za mchana hupata moto wa juu na wa chini, na mizizi ya pembeni huungua kabla majani hayajaonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo mimi huiweka miti yangu juu ya ubao ulioinuliwa kwa matofali ili hewa ipite chini yake, na juu huitandia makuti machache yaliyoachana, yapitishe nusu ya jua kuanzia saa tano hadi saa kumi. Maji nayo yana hadhari yake. Visima vingi vya kisiwani ni vya maji ya chumvichumvi, na maji hayo yakikauka chunguni huacha chumvi nyuma, nayo ikizidi ncha za majani huwa kahawia, jambo ambalo wanaoanza hulidhania kuwa ni kiu, wakazidisha maji yale yale. Dawa yake ni maji ya mvua za vuli yaliyohifadhiwa katika mapipa, kuyamimina mara moja kwa wiki mpaka yatiririke kwa wingi kutoka matundu ya chini, yakiichukua chumvi pamoja nayo. Ipo miti inayotaka kinyume cha hayo: bogenvilia ikiachwa na kiu kidogo ndipo hutoa maua yake mengi, na mbuyu uliokwisha kupukutisha majani haufai kutiwa maji kabisa, maana mizizi yake minene iliyolala huoza katika unyevu.

Mwishoni mwa Machi upepo hulegea, hauwi kaskazi wala haujawa kusi, na mabaharia wetu wa zamani waliyaita majira hayo maleleji. Hayo ndiyo machipuko yetu. Hewa huwa na unyevu, wingu hupunguza ukali wa jua, na mti uliokatwa mizizi huikuta mvua iko njiani kuupokea. Mimi hupunguza theluthi moja ya mizizi na si zaidi, nikianza na ile minene inayoelekea chini, nikiiacha ile myembamba inayotawanyika pande zote, kwani ndiyo inayonywa. Mbuyu hukatwa ungali umelala, kisha huwekwa kivulini siku kadhaa bila udongo mpaka majeraha yakauke.

Juu ya udongo nina maneno mengi, kwa sababu hapa ndipo wengi hushindwa. Wajapani hutumia udongo wa punje ngumu uitwao akadama, ambao kuagiza kwake ni gharama isiyo na haja maadamu paa zetu za zamani zina vigae vyekundu vya udongo wa kuchomwa. Vigae vilivyovunjika huvitwanga, nikavichekecha mara mbili: punje zilizo kubwa kuliko mbaazi huzirudisha kinuni, vumbi hulitupa bila huruma kwa kuwa ndilo linaloziba njia ya maji, na zile za katikati huzichanganya na vipande vya mkaa na samadi kidogo iliyoiva sawasawa. Mchanga wa pwani situmii abadan, kwa ajili ya chumvi yake. Masika yanapokaza mwezi wa Mei, huinamisha kila chungu kwa kuweka kibao chini ya upande mmoja, maji yapate kukimbilia upande wa pili.

Kusi na kipupwe chake sina mengi ya kusema. Mti hukua polepole, na mkasi hukaa alani. Hutosha kuukinga na upepo wenye chumvi ya bahari na kupekua chini ya majani kutafuta vidung'ata, ambavyo huviosha kwa maji ya majani ya mwarobaini yaliyolowekwa usiku kucha na kutiwa sabuni kidogo.

Vuli inapokaribia matawi huwa tayari kufunzwa. Waya wa shaba au wa alumini, wenye unene kama theluthi ya unene wa tawi, huzungushwa kwa mshazari, usibane wala usilegee, kisha tawi hukunjwa kwa vidole gumba viwili kidogo kidogo. Kitabu kiliniambia niuache waya miezi mingi. Lakini tawi la mkuyu katika joto letu hunenepa upesi, na waya niliousahau majuma sita ulizama katika gome, ukaacha kovu ambalo bado linaonekana. Sasa huukagua kila Ijumaa, na huukata vipande vipande badala ya kuufungua.

Mengi ya haya sikuyavumbua peke yangu. Chama chetu kidogo hukutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi chini ya mwembe katika ua wa mmoja wetu, na sharti lake ni kila mtu kuja na mti mmoja, ukiwa mzima au mgonjwa. Na kwa kweli mgonjwa hupewa kikao cha mbele. Kabla ya masika tunatwanga vigae kwa pamoja na kubadilishana vyungu. Tunaitwa na wenye nyumba kutoa mikuyu iliyoota katika kuta na mifereji ya paa, hisani inayozifaa pande zote mbili. Lakini katika misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo baadhi yake iliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, hatutoi hata mche, na hilo limeandikwa katika kanuni zetu kabla ya ada. Na mwenzetu akisafiri kwenda Hijja, miti yake hugawanywa kwa majirani, kila mmoja na karatasi ya maji yake.

Tuna pia daftari. Kila mti una ukurasa: ulitoka wapi, ulibadilishwa chungu lini, na mstari wa mwisho, ambao bibi mmoja mkongwe katika chama aliushikilia hata ukakubaliwa, ni jina la atakayeurithi. Alitusimulia habari za msonobari mweupe ambao Masaru Yamaki aliutoa kuwa zawadi kwa Marekani mwaka 1976, mti uliolelewa chunguni tangu mwaka 1625, na ambao ulisalimika nyuma ya ukuta katika kitalu cha jamaa yake Hiroshima lilipoanguka bomu mwaka 1945. Akatuuliza ni mikono mingapi iliyoumwagilia, na kama kuna kati yetu aliyekwisha kutaja mkono utakaomfuata. Nilimjibu, "Mimi bado, bibi." Akasema, "Basi mwanangu, andika sasa, na wangu uandike jina lako."

Bibi huyo alitutoka mwaka jana wakati wa kipupwe. Mkwaju wake, wenye miaka thelathini na tatu na kimo cha shubiri tatu, uko barazani kwangu, na kila magharibi hufumba majani yake kama ulivyofumba kwake. Mizizi yake imekwisha kuusukuma udongo juu ya ukingo wa chungu. Vigae nimeshavichekecha, na kaskazi imeanza kulegea. Nangoja wingu la kwanza.