Bawabu wa Yai: Jinsi Mbegu na Yai Vinavyotambuana

Mtu akitoka Mpanda akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, huona dagaa, migebuka na kuhe wakishushwa mitumbwini. Aina hizi zote hukaa katika ziwa moja. Samaki walio wengi hutaga mayai nje ya mwili, na dume humwaga mbegu zake papo hapo majini. Basi mbegu ya aina moja huzuiwa na nini isiingie katika yai la aina nyingine? Mahali na wakati wa kutaga huwatenga, lakini iko kinga nyingine juu ya yai lenyewe.

Tumezoea kusikia protini ikitajwa jikoni, katika maharage na dagaa. Lakini protini zimo pia katika ngozi nyembamba ya kila seli, na nyingine hutokeza nje. Kila moja ina umbo lake, na hushikana na ile inayolingana nayo, kama ufunguo na kufuli.

Mwaka 2018 wataalamu wa Vienna, nchi ya Austria, walieleza habari za protini moja ya yai la samaki mdogo mwenye mistari. Waliiita Bouncer, yaani bawabu. Yai lisilo nayo haliingiwi na mbegu. Walipoweka katika yai hilo Bouncer ya medaka, samaki wa Japani, mbegu za medaka ziliweza kuingia, ingawa samaki hawa si jamaa wa karibu.

Kwa wanyama wanyonyeshao mambo hufanana na hayo. Mwaka 2005 Masaru Okabe na wenzake wa Japani waligundua protini ya mbegu, wakaiita Izumo, jina la hekalu la ndoa la nchi yao. Izumo hufichwa chini ya kofia ya mbegu mpaka kofia hiyo ifunguke. Mwaka 2014 Enrica Bianchi na Gavin Wright, huko Uingereza, waligundua mwenzake juu ya yai, wakamwita Juno, mungu wa ndoa wa Warumi wa kale. Mbegu moja ikiisha kuingia, yai huzivua Juno zake upesi, na zinazochelewa hazipati pa kushika. Hili ni jambo la lazima, kwa maana mbegu mbili zikiingia, mimba haikui sawasawa.

Sasa tutazame jambo kubwa. Panya dume waliokosa Izumo walikuwa wazima kwa macho. Mbegu zao ziliogelea, zikapenya utando wa nje wa yai, lakini hazikuungana nalo. Hawakupata watoto. Panya jike waliokosa Juno nao hawakuzaa.

Somo hili litufae nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba mtu mzima mmoja katika kila sita hivi hupatwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Sababu ni nyingi, nazo huweza kuwa kwa mume, kwa mke, au kwa wote wawili. Hata hivyo mara nyingi mke ndiye hulaumiwa, hata kufukuzwa, kabla mume hajapimwa. Ufunguo na kufuli ni viwili. Basi waende hospitali wote wawili.

Maswali
1. Kwa nini Bouncer imeitwa bawabu?
2. Izumo iko wapi, na Juno iko wapi?
3. Yai lingepatwa na nini kama lisingevua Juno zake?
4. Eleza kwa nini si haki kumlaumu mke peke yake.