Ribe: Somo la Kubaki

Mwaka 1862 Johann Ludwig Krapf na Thomas Wakefield, mmisionari Mmethodisti kutoka Uingereza, walianzisha misheni ya Ribe, karibu na Mombasa. Krapf alirudi Ulaya mwaka huohuo kwa sababu ya afya. Wenzao wengine nao waliondoka mapema. Wakefield alibaki. Mwaka 1873 alimzika mkewe Rebecca hapo Ribe, lakini aliendelea na utume wa pwani hadi 1887.

Kwa mwanafalsafa Mkatoliki Gabriel Marcel, uaminifu ni uwepo unaodumu. Wamethodisti ni ndugu zetu katika ubatizo, tujifunze kwao. Mseminari ukitumwa kigango cha mbali hapa Simiyu, jiulize: unahesabu siku za kuondoka, au unajifunza majina ya waamini?