Mafunzo Niliyopata Pale Nyika Inapogota Mlimani

Familia yangu inaishi Calgary, Kanada. Kiangazi kilichopita tuliendesha gari saa tatu kuelekea kusini, hadi Hifadhi ya Taifa ya Waterton Lakes, mpakani na Marekani.

1. Si kila mlima unabisha hodi.
Nimekulia Moshi, ambako Kilimanjaro hukupokea taratibu: migomba, kahawa, msitu, halafu baridi. Waterton hakuna makaribisho hayo. Unapita ngano, unapita malisho ya ng'ombe, mara ukuta wa mawe huo mbele ya kioo cha gari. Vilima vya kutangulia hakuna.

2. Mlango wa gari ufungue kwa mikono miwili.
Upepo unaoshuka kule hauna adabu. Kofia yangu iliishia ziwani.

3. La juu laweza kuwa ndilo la kale.
Ghalani, gunia la chini ndilo lililotangulia kuingia, na miamba kwa kawaida ni hivyo hivyo. Hapa mambo ni kinyume. Miamba ya juu ina umri wa miaka bilioni 1.5 hivi, iliyo chini yake ni tope la bahari ya enzi za dainosaria, lililogeuka jiwe. Ganda la dunia lilibanwa, bamba la mwamba lenye unene wa kilomita kadhaa likakatika, likasukumwa mashariki makumi ya kilomita na kulalia miamba michanga. Ndiyo maana mlima umesimama wima: mwamba laini wa chini ukimomonyoka, mgumu wa juu humeguka. Ng'ambo, jimboni Montana, Mlima Chief, ambao Wablackfoot, wenyeji wa asili wa eneo hilo, huuita Ninaistako, ni kipande cha bamba hilo kilichobaki peke yake. Niliutazama mpaka chai ikapoa kikombeni.

4. Kutu nayo ina uzuri wake.
"Baba, nani kayapaka mawe haya rangi?" binti yangu aliuliza kwenye korongo la Red Rock. Ni chuma tu. Tope lililopata hewa lilishika kutu kama bati la paa, likawa jekundu. Lililokosa hewa likabaki kijani. Bapa moja lilikuwa na nyufa kama za jaruba la mpunga lililokauka, kumbe ni tope la zaidi ya miaka bilioni moja.

Jioni nikakuta kokoto jekundu mfukoni mwake.

"Lirudishe, mama."

Akalirudisha mtoni, kanuna. Kuondoka na jiwe la hifadhi ya taifa ni kosa kisheria Kanada, hata likiwa dogo kama punje ya hindi.