Kujitolea kuwahudumia wanyama wa mitaani: Tohara, thawabu na kinga ya maradhi

Ndugu msomaji, katika safu yetu leo tutazungumzia jambo ambalo wengi wetu tunalipita kila siku bila kulitazama: paka, mbwa na punda wanaozunguka mitaani mwetu, na watu wanaojitolea kuwatibu na kuwachanja.

Mwenye kupita Malindi asubuhi, penye diko la samaki, au Darajani baada ya soko kufungwa, au Forodhani usiku, atawaona paka makundi kwa makundi. Wapo wenye upele, wapo wenye macho yaliyoziba kwa usaha. Huko mashamba na pwani wapo mbwa wasio na wenyewe, na punda wanaovuta mawe na mchanga huku migongo yao ina vidonda. Unguja ipo jumuiya ya ZAASO, ambayo imekuwa ikitibu na kuhasi wanyama wa aina hii, na wapo madaktari wa mifugo wa Serikali. Lakini kazi yao haiwezi kufanyika bila vijana na wazee wa shehia wanaokubali kumshika mnyama, kumbeba na kumfuatilia.

Hapo ndipo penye kikwazo. Mzazi akisikia mwanawe anataka kujitolea, neno la kwanza ni: "Mbwa ni najisi, utaswali vipi?" Swali hili ni la haki, nalo linataka jibu.

NAJISI SI RUHUSA YA KUTESA

Sisi wengi visiwani ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, na kwetu mbwa ni katika najisi nzito. Hilo halibadiliki. Lakini hukumu hiyo inahusu miili yetu, nguo zetu na vyombo vyetu. Haikutolewa ili mnyama apigwe mawe au aachwe afe kwa kiu.

Katika hadithi walizozipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametusimulia habari za mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji khofu yake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba walipouliza kama katika wanyama nako kuna ujira, wakajibiwa kuwa kila kiumbe chenye uhai kuna ujira katika kumtendea wema. Upande wa pili yupo mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Tena imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alikemea vikali alipomuona punda aliyepigwa chapa usoni.

Basi anayejitolea afanye hivi:

1. Awe na nguo maalumu za kazi, mipira ya mikono na viatu vya kufunika, asiingie navyo chumbani wala mahali pa kuswalia.

2. Ajue kuwa kumgusa mbwa mkavu kwa mkono mkavu hakuhamishi najisi. Penye umajimaji, kama mate au jasho, aondoe kwanza najisi yenyewe, kisha aoshe mara saba, moja kati yake kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Ndoo moja na kopo la udongo vyatosha.

3. Akishajitoharisha, atie udhu na aswali. Hakuna siku ya swala inayopotea kwa kazi hii.

UTOHARA WA PAKA HAUNA MAANA YA KUWA HANA MARADHI

Kwa upande wa paka, kosa letu ni la kinyume chake. Tunajua kuwa paka si najisi. Abu Qatada (R.A.) aliwahi kumwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, akaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amemhesabu kuwa ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Kwa hiyo watoto wetu hulala naye, na wengine hula naye sahani moja.

Ndugu msomaji, tohara ni jambo moja na vijidudu ni jambo jingine. Maji yanaweza kuwa tohara kwa udhu na bado yakawa na vijidudu vya kuharisha. Vivyo hivyo paka. Manyoya yake yanaweza kuwa na choa, ugonjwa wa ngozi unaotoka duara na kuwasha. Kinyesi chake kinaweza kuwa na kimelea kiitwacho toksoplazma, ambacho kikimpata mama mjamzito kwa mara ya kwanza kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kimelea hicho huchukua siku moja au zaidi nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kiondolewe kila siku. Kazi hiyo aifanye mtu mwingine, si mjamzito. Na mchanga wa pwani uliochafuliwa na kinyesi cha mbwa au paka una minyoo inayopenya ngozi ya miguu na kutambaa chini yake. Watoto wavae viatu.

KICHAA CHA MBWA: HAPA NDIPO PENYE MAUTI

Maradhi yote hayo yana dawa. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishamtokea binadamu, karibu kila mara huua. Virusi vyake hukaa kwenye mate ya mnyama, vikaingia kwa kung'atwa, kwa kukwaruzwa au kwa kulambwa penye jeraha. Mbwa ndiye anayewaambukiza binadamu zaidi, lakini paka na punda nao hupatwa. Dalili huweza kuchelewa miezi miwili au mitatu, ndiyo maana watu husahau.

Mtu aking'atwa au kukwaruzwa:

1. Oshe jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15.

2. Usitie udongo ndani ya kidonda kwa ajili ya tohara. Udongo huleta pepopunda. Wapo wanazuoni waliokubali sabuni mahali pa udongo, na sheria haimtaki mtu ajidhuru. Tibu kwanza, kisha muulize sheikh wako. Pia usitie pilipili, mafuta wala majivu.

3. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo hutolewa kwa awamu, usiache baada ya sindano ya kwanza.

4. Ikiwa mbwa anajulikana, aangaliwe siku 10 bila kuuawa, na sheha na daktari wa mifugo wapewe habari.

Wazazi, hapa tunakuombeni jambo moja. Watoto wengi hung'atwa wakificha, kwa sababu walikatazwa kucheza na mbwa na wanaogopa bakora. Mtoto anayeogopa kusema anaweza kufa kwa hofu hiyo. Mwambieni leo: ukiumwa na mnyama, njoo useme, hutapigwa.

FUNZO KUTOKA PEMBA

Wengine husema dawa ni kuwaua mbwa wote. Uzoefu unaonesha kuwa wakiuawa, wengine huzaliwa au huja mahali pao, tena bila chanjo. Kinachokata ugonjwa ni kuchanja kiasi cha asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka.

Ndugu zetu wa Pemba ni shahidi. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huo kisiwani humo kuanzia mwaka 2010 hadi 2020 walikuta kuwa, kwa chanjo ya mbwa kisiwa kizima, maambukizi yalikatika kufikia Mei 2014. Kisha chanjo ikazorota. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingizwa tena mara mbili kutoka nje, ukaenea. Chanjo iliporejeshwa, ukamalizwa tena Oktoba 2018. Ulegevu wa miaka michache ulitosha kurudisha mauti.

Hapa ndipo anayejitolea anapohitajika. Daktari ana sindano, lakini hamjui mbwa wa nyuma ya bucha wala paka wa chochoroni. Kijana wa mtaa anamjua. Kazi yake ni kuhesabu wanyama wa shehia yake, kuwashika bila kuwatesa, na kuwatangazia majirani siku ya chanjo. Kabla ya kuanza, anayeshika wanyama mara kwa mara amuulize daktari kuhusu kuchanjwa yeye mwenyewe.

Na wewe usiyeweza kushika mnyama, una sehemu yako. Funika pipa la taka, usitupe matumbo ya samaki barazani, weka chombo cha maji kivulini. Mwenye punda asimvike lijamu juu ya kidonda wala asimpakie kupita uwezo wake. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa: isifike kabla hujamuuliza sheha wako chanjo ya mtaani kwenu ni lini.

Mwenyezi Mungu atupe afya na huruma kwa viumbe vyake. Wabillahi tawfiq.