Kifaransa cha Safari: Salamu Kwanza, Namba Zifuate

Una safari ya Lubumbashi, Bujumbura au Paris, na Kifaransa chako kinaishia kwenye "bonjour". Usihangaike. Unahitaji sentensi kama kumi na tano hivi zinazotoka mdomoni bila kuzitafuta, na sikio linalonasa namba. Ukitenga robo saa kila siku, wiki tatu zinatosha.

Lubumbashi na Bujumbura utakutana na Kiswahili sokoni, hilo ni kweli. Lakini ukifika kaunta ya benki, duka la dawa, au ukipewa fomu ya kujaza, Kifaransa ndicho kinachotawala. Jiandae kwa sehemu hizo.

Anza na salamu, kila mara. Kwa Wafaransa, kuingia dukani na kuuliza bei kabla ya kusalimia ni kama kuingia nyumba ya watu bila hodi. Sema "Bonjour, madame" au "Bonjour, monsieur". Subiri ujibiwe. Ndipo uulize. Jioni sema "Bonsoir". "Bonne nuit" ni ya mtu anayekwenda kulala, usiingie nayo mgahawani.

Mtu mzima usiyemfahamu mwite "vous". "Tu" ni ya rafiki na mtoto. Wewe uliyelelewa na shikamoo hutapata shida hapa.

Sasa shika vianzio vinne na uvipachike neno lolote unalolihitaji. "Je voudrais..." ni ningependa: un café (kahawa), une chambre (chumba), un billet (tiketi). "Je cherche..." ni natafuta. "Où est...?" ni iko wapi. "C'est combien?" ni bei gani. Malizia kwa "s'il vous plaît", tafadhali. Kwa vianzio hivyo vinne utakula, utalala na utasafiri.

Ukikaribishwa kitu, usijibu "merci", asante, peke yake. Mara nyingi huchukuliwa kuwa umekataa, nawe utabaki na njaa. Sema "Oui, merci" au "Non, merci".

Ukiachwa njiani na mazungumzo, sema "Je ne comprends pas", sielewi. Ongeza "Plus lentement, s'il vous plaît", polepole tafadhali. Bado hujaelewa? Toa kalamu na karatasi, useme "Vous pouvez écrire?" Waombe waandike. Usione haya hata kidogo.

Matamshi yana mtego mmoja mkubwa kwetu. Kiswahili kinatamka kila herufi, Kifaransa kinameza nyingi za mwisho. "Petit" ni "peti". "Vous" ni "vu". "S'il vous plaît" ni "sil vu ple". Kwa hiyo jifunze kwa sikio kwanza, maandishi baadaye.

Herufi r ya Paris inakaribiana sana na gh yetu ya "ghali" na "lugha". Tayari unayo kooni. Ukiwa Kongo, r yako ya kawaida itaeleweka vizuri, maana Wakongomani wengi huitamka hivyo. Kazi iko kwenye u. Tamka "i" ndefu, ulimi usisogee, kisha kunja midomo kama unapiga mluzi. Hiyo ndiyo u ya "rue", mtaa. Ukiitamka kama u yetu umesema "roue", gurudumu, na dereva wa teksi atabaki anakutazama.

Tukija kwenye namba, hapa tulia, kwa sababu hapa ndipo pesa zinapopotea. Moja hadi ishirini zikariri mpaka uziseme kwa kurudi nyuma. Kisha makumi hadi sitini, halafu "cent", mia, na "mille", elfu. Hata muuzaji anayeongea nawe Kiswahili kule Lubumbashi mara nyingi atakutajia bei kwa Kifaransa.

Sabini ndiyo inayowachanganya watu. Ufaransa husema "soixante-dix", yaani sitini na kumi. Themanini ni "quatre-vingts", nne mara ishirini. Tisini ni "quatre-vingt-dix", nne mara ishirini na kumi. Kongo na Burundi zilitawaliwa na Ubelgiji, na Kifaransa chao kimebaki na namba za Kibelgiji: sabini ni "septante", tisini ni "nonante". Themanini haibadiliki. Basi kariri kulingana na tiketi yako. Wa Lubumbashi ashike "nonante-cinq" kwa 95, wa Paris ashike "quatre-vingt-quinze".

Saa nazo ni hatari kwa Mswahili. Kifaransa huanza kuhesabu usiku wa manane, sisi tunaanza alfajiri. "Huit heures" ni saa mbili asubuhi. Ukisikia "huit" ukafikiria saa nane mchana, basi lako litakuwa limeondoka saa sita zilizopita. Na huko huhesabu mpaka ishirini na nne: "quatorze heures" ni saa nane mchana, "dix-huit heures" ni saa kumi na mbili jioni. Zaidi ya hapo, Lubumbashi na Bujumbura ziko saa moja nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi. Rekebisha saa ya mkononi mara tu ukivuka mpaka.

Kwa afya, beba tatu: "J'ai mal à la tête", kichwa kinaniuma. "J'ai mal au ventre", tumbo linaniuma. "J'ai de la fièvre", nina homa. Kama kuna dawa inayokudhuru, iandike kwenye karatasi baada ya "Je suis allergique à", nina mzio wa, uiweke pamoja na pasipoti. Hiyo usiiachie kumbukumbu.

Mazoezi yafanye kwa sauti. Jirekodi kwenye simu, sikiliza ukiwa kwenye daladala, jirekodi tena. Mtafute ndugu acheze muuzaji nawe uwe mteja, kisha mbadilishane. Redio ya RFI ina taarifa ya habari iitwayo Journal en français facile, ya dakika kumi, inayosomwa kwa Kifaransa chepesi. Siku za mwanzo utaambulia maneno machache tu. Endelea kusikiliza, sikio linazoea kabla ya mdomo.

Sarufi na vitenzi vyake viache kwanza, vitakungoja. Usiku wa leo mwaga chenji zako mezani uzihesabu kwa Kifaransa, un, deux, trois, mpaka ziishe. Kesho zihesabu tena.