PIKSELI NI MZIGO: SOMO LA REZOLUSHENI KWA MCHEZAJI WA KOMPYUTA

Katika jarida hili umezoea ngeli, methali na mashairi. Leo niruhusu nikupeleke upande wa pili, upande wa kompyuta na michezo yake. Usikunje uso, mwalimu wangu mpendwa! Somo lenyewe lina hesabu, lina sayansi, na lilikaribia kutugharimu karo nyumbani kwetu.

Ilikuwa hivi. Likizo ya Agosti iliyopita, kaka yangu alikuja na kipakatalishi cha mitumba. Akaweka mchezo wa kandanda. Lo! Wachezaji walitembea kama watu waliozama kwenye matope. Unabonyeza kitufe cha kupiga mpira sasa, mguu unainuka baadaye. Akampelekea fundi mmoja mjini. Fundi akautazama mchezo kidogo, akatikisa kichwa: "Mashine imezeeka hii. Ongeza elfu ishirini na tano nikupe nyingine." Kaka alikuwa nazo hizo elfu ishirini na tano, ila zilikuwa za karo ya chuo. Mama aliposikia alisema neno moja tu: "Pesa za karo hazichezewi kandanda, mwanangu."

Basi mimi, kwa kuwa ndimi niliyejiita mtaalamu wa nyumba, nikajitosa. Nilikuwa nimesikia kwamba ukipunguza rezolusheni mchezo huwa mwepesi. Nikaenda kwenye eneokazi, yaani ile sura unayoiona kompyuta ikishawaka, nikapunguza hadi 800 kwa 600. Matokeo? Picha ndogondogo za programu zikavimba na kusongamana, na lile jedwali la Mama la pesa za chama halikuenea tena kwenye skrini. Na mchezo? Matope ni yale yale! Kaka akacheka. Mama hakucheka.

Kosa langu lilikuwa wapi? Twende pole pole.

Pikseli ni nini?

Fikiria kazi ya ushanga. Ukisogea karibu utaona kila ushanga una rangi yake. Ukisimama mbali huoni tena shanga, unaona ua au nyota. Skrini nayo ni vivyo hivyo. Kila kitone cha rangi huitwa pikseli, na rezolusheni ni hesabu ya vitone hivyo kwa upana na kwa wima.

Sasa toa kalamu tuzidishe:

640 kwa 480 ni pikseli 307,200. Hiki ndicho kipimo kilichojulikana sana tangu kampuni ya IBM ilipoleta VGA mwaka 1987.
1280 kwa 720 ni pikseli 921,600.
1920 kwa 1080 ni pikseli 2,073,600.
3840 kwa 2160 ni pikseli 8,294,400, yaani mara nne kamili ya hiyo iliyotangulia.

Kumbuka kuwa katika mchezo picha haikai. Kila picha nzima huitwa fremu. Ili mwendo uwe laini, wachezaji wengi hupenda fremu 60 kwa sekunde, yaani kila fremu ikamilike kwa milisekunde 16.7 hivi. Kwa 1920 kwa 1080, hizo ni pikseli zaidi ya milioni 124 kila sekunde! Fundi wa ushanga anayefumua na kutunga upya kazi yake yote mara 60 kwa sekunde ndiye kadi ya picha. Ukimpa shanga chache, atamaliza upesi. Ukimpa nyingi kupita nguvu zake, atachelewa, nawe utaona matope.

Jambo hili si geni. Mchezo wa Doom uliotoka mwaka 1993 ulichorwa kwa 320 kwa 200, yaani pikseli 64,000 tu. Hata hivyo, mwenye kompyuta dhaifu aliweza kulipunguza dirisha la mchezo ili mambo yaende kasi. Hivyo basi, kupunguza pikseli ni hekima ya tangu zamani.

Nyumba mbili, wenye nyumba wawili

Hapa ndipo nilipoteleza. Eneokazi lina rezolusheni yake, na mchezo una yake. Mchezo ukijaza skrini nzima kwa utawala wake wenyewe, hufuata kipimo kilichoandikwa katika mipangilio yake, wala haujali ulichofanya kwenye eneokazi. Mchezo wa kaka ulikuwa umeandikiwa 1920 kwa 1080. Mimi nilipokuwa nikihangaika na nyumba ya jirani, moto ulikuwa ukiwaka kwetu.

Ipo namna nyingine: mchezo hufunguka kama dirisha lisilo na kingo lililotandazwa juu ya eneokazi. Katika namna hiyo, michezo mingi hufuata kipimo cha eneokazi, na mara nyingine hata hukukatalia kuchagua kingine. Kwa hiyo, kabla ya kubadili lolote, tazama kwanza mchezo wako uko katika namna gani.

Na kwa nini nasema eneokazi liachwe lilivyo? Kwa sababu skrini bapa za siku hizi zina idadi maalumu ya pikseli ambayo haibadiliki. Ni kama kadi ya ushanga yenye matundu 1920. Ukileta shanga 1280, kila ushanga utatakiwa ufunike tundu moja na nusu. Nusu ya tundu utaipata wapi? Skrini hulazimika kuchanganya rangi, na hapo maandishi huwa na ukungu. Zile skrini za zamani zenye kisogo kirefu hazikuwa na matundu maalumu namna hiyo, ndiyo maana zilivumilia vipimo vingi. Katika mchezo wenye mbio, ukungu kidogo haudhuru sana. Katika kusoma barua au hesabu za chama, utaumiza macho ya watu.

Hatua za kufuata

1. Rudisha eneokazi kwenye kipimo cha asili. Katika Windows, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu pa eneokazi, ufungue mipangilio ya skrini. Kipimo kinachopendekezwa kina alama yake. Chagua hicho. Kama maandishi ni madogo kwa wazee, usipunguze rezolusheni. Ongeza ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125, papo hapo.

2. Fungua mchezo, nenda kwenye mipangilio yake ya picha, uchague kujaza skrini nzima. Shuka ngazi moja tu kwa wakati: kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1600 kwa 900, kisha 1280 kwa 720. Hivyo vyote vina umbo moja, 16 kwa 9. Ukirukia 800 kwa 600, umbo ni 4 kwa 3, na wachezaji wako watanenepa kama viboko au upate mistari myeusi pembeni.

3. Skrini ikizima ghafla baada ya kubadili kipimo cha eneokazi, usitie hofu wala usichomoe waya! Windows husubiri sekunde 15, na usipothibitisha hurudisha kipimo cha awali. Tulia tu.

4. Tafuta kama mchezo una kipimo cha uchoraji cha asilimia. Hiki ni kizuri mno, maana maandishi na ramani hubaki safi huku uwanja pekee ukichorwa kwa pikseli chache. Tahadhari lakini: katika michezo mingi asilimia 50 ni nusu ya upana na nusu ya wima, kwa hiyo ni robo ya pikseli, si nusu!

Isitoshe, siku hizi kuna mbinu za kuchora picha ndogo kisha kuikuza kwa werevu. DLSS ya Nvidia ilianza na kadi za RTX mwaka 2018 na huhitaji kadi za aina hiyo. FSR ya AMD, iliyotoka 2021, ilikubali hata kadi nyingi za zamani na za kampuni nyingine. Mchezo wako ukiwa nayo, ijaribu.

Je, mkosaji akiwa mwingine?

Sisi tulipofuata hatua hizo, kandanda ya kaka ilipanda kutoka fremu 24 hadi 43. Kaka aliruka juu! Akakimbilia mchezo wake wa pili, ule wa kujenga mji wenye watu na magari tele. Akapunguza, akapunguza tena. Fremu 31 zikabaki 31. Kulikoni?

Kumbuka kwamba kadi ya picha huchora tu. Anayeamua kila raia anaenda wapi na gari gani linapinda wapi ni prosesa. Prosesa ikielemewa, hata ukipunguza shanga vipi, fundi wa ushanga ataketi akingoja aambiwe atunge nini. Dawa hapo ni kupunguza umati na umbali wa kuona, na kufunga programu nyingine zinazokula nguvu kichinichini.

Hivyo, ndugu msomaji, usitoe hata shilingi kabla ya kufanya jaribio hili. Andika idadi ya fremu kwa kipimo kikubwa. Punguza hadi kidogo, urudie mahali pale pale pa mchezo, uandike tena. Fremu zikipanda sana, mkosaji ni kadi ya picha. Zisipopanda, kadi mpya haitakufaa kitu, na aliyekuuzia atakuwa amekula pesa zako bure.

Tamati

Karo ya kaka ililipwa mwezi wa Septemba, na kipakatalishi kile kile bado kinacheza kandanda. Mama naye amerudishiwa jedwali lake. Wahenga hawakukosea waliponena: usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini jamani, kompyuta za maabara ya shule si za kujaribia haya bila ruhusa ya mwalimu. Nisije nikalaumiwa mimi!

Maswali ya kujipima

1. Skrini ya 1366 kwa 768 ina pikseli ngapi?
2. Mchezo unatoa fremu 28 kwa 1920 kwa 1080, na fremu 29 kwa 1280 kwa 720. Mkosaji ni nani?
3. Kipimo cha uchoraji kikiwa asilimia 75 kwa upana na kwa wima, ni asilimia ngapi ya pikseli inayochorwa?
4. Babu analalamika kuwa maandishi ya eneokazi ni madogo. Utafanya nini?

Majibu: (1) 1,049,088. (2) Yaelekea ni prosesa. (3) 56.25. (4) Ongeza ukubwa wa maandishi, usiguse rezolusheni. Kisha mwamkie tena kwa heshima.