Kuitambua Dhahabu ya Kweli

Dhahabu ilipovumbuliwa Kakamega mwaka 1931, watu wengi walikimbilia huko wakachungua kila kijito. Hata leo mtu aweza kuokota jiwe la manjano ling'aalo, akalificha, kisha akauza ng'ombe apate fedha za kuchimba. Yafaa alijaribu kwanza.

Yako madini yaitwayo pairiti, mchanganyiko wa chuma na kiberiti, ambayo yamewadanganya wengi. Mara nyingi huwa na pande zilizonyooka kama za kijisanduku. Pairiti ikigongwa kwa nyundo huvunjika. Dhahabu hubapa tu. Tena zikisuguliwa chini ya kikombe cha kauri, pale pasipong'arishwa, pairiti huacha mstari mweusi wenye ukijani, na dhahabu mstari wa manjano. Uzito nao hushuhudia: dhahabu safi ni nzito kuliko maji mara 19, pairiti mara 5 tu. Ndiyo sababu mchanga ukioshwa katika karai, dhahabu hubaki chini.

Lakini dhahabu ya kweli nayo si mgodi. Wataalamu hufuata punje kwa kupanda kijito mpaka kwenye mwamba zilikotoka, wakatoboa, wakapima ni gramu ngapi zimo katika kila tani, na mwamba umeenea kiasi gani. Gramu 5 kwa tani zaweza kulipa gharama, mwamba ukiwa mkubwa na karibu na uso wa nchi. Punje moja nono hailipi. Mgodi wa Rosterman, karibu na mji wa Kakamega, ulifungwa mwaka 1952, ingawa wachimbaji wadogo wangali wakitafuta dhahabu sehemu hizo.